Mzuka wa Tour de France: kisa cha shetani mwenye mkuki wa ncha tatu

Mwaka 1993 waendesha baiskeli wa Tour de France walianza kukutana na shetani. Hakuwavizia usiku wala hakuwatokea porini wakiwa peke yao. Alitokea mchana kweupe, jua la Julai likiwaka, watu wamejipanga pande zote mbili za barabara na kamera ya televisheni ikimtazama usoni. Alikuwa mwekundu tangu kichwani hadi miguuni, pembe mbili zimechomoza juu ya paji la uso, ndevu zinapepea, mkononi ameshika mkuki wa ncha tatu. Mwendeshaji amekata pumzi katikati ya mlima, jasho linamchoma macho, anainua uso na mbele yake kuna kiumbe kinarukaruka na kupiga mayowe. Kiumbe kinamkimbilia, kinakwenda naye sambamba hatua chache, halafu kinabaki nyuma. Siku nyingine, kwenye mlima mwingine kabisa, kipo tena kinamsubiri.

Hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote vya mbio za baiskeli. Wengi hukisimulia kama kichekesho cha pembeni, kitu cha kumpumzisha mtazamaji kabla ya kurudi kwenye mashindano yenyewe. Naona wanapoteza uhondo. Ukimfuata yule shetani kwa makini, dalili moja baada ya nyingine, unajikuta umeyaelewa mashindano yenyewe, pamoja na mambo ambayo kwa miaka mingi wenye mashindano hawakutaka yaeleweke.

Dalili

Dalili ya kwanza ilikuwa kwenye lami. Kilomita kadhaa kabla ya shetani kuonekana, barabarani palichorwa mkuki wa ncha tatu kwa rangi. Waendeshaji waliupita kwanza mchoro, kisha wakampita mwenyewe. Kwa asiyejua, hilo linatisha zaidi ya pembe: jini linaloacha alama kabla halijafika! Lakini barabara za Tour zimejaa rangi tangu zamani. Mashabiki hupanda mlimani na ndoo na brashi, wakaandika majina ya vipenzi vyao kwa herufi kubwa kiasi kwamba helikopta inazisoma kutoka juu. Wengine huchora matusi na sehemu za siri za mwili, hata waandaaji wameajiri watu wa kutangulia mbele ya msafara na makopo ya rangi kazi yao ikiwa kuzigeuza picha hizo. Mchoro wa aibu ukifika mikononi mwao hutoka pale ukiwa kipepeo au sungura. Katika msitu huo wa rangi, mkuki wa shetani haukuwa tusi wala jina la mtu. Ulikuwa taarifa: niko mbele, nakuja kukutana nawe.

Dalili ya pili ni mahali. Shetani alipenda miinuko. Milima ya Alps, milima ya Pyrenees, kona kali ambako lami inapanda mpaka mtu aliyekaa kitako anahisi kizunguzungu. Mtu mwenye imani za kale angesema mizimu hukaa milimani. Hesabu inasema jambo jingine. Kwenye tambarare kundi kubwa hupita kwa kasi ya kilomita 45 au 50 kwa saa, na ukipepesa macho wameshakwenda. Kwenye mlima kama Alpe d'Huez, wenye kona 21 na mwinamo wa karibu asilimia 8, hata aliye bora duniani hupanda kwa kilomita 20 na ushee kwa saa. Kasi hiyo mtu wa kawaida mwenye viatu vya raba anaweza kwenda nayo sekunde kadhaa, mkuki ukiwa begani, kabla mapafu hayajakataa. Sekunde hizo chache, zikipigwa na kamera iliyo kwenye pikipiki mbele ya mwendeshaji, zinaonekana nyumbani kama mateso marefu: uso wa mtu anayekufa kwa uchovu, na ubavuni mwake shetani anamcheka.

Dalili ya tatu iliwashangaza wengi zaidi. Aliwezaje kuwa kila mahali? Mashindano haya hudumu wiki tatu, hatua 21 (hatua moja ni safari ya siku moja), jumla yake kama kilomita 3,500. Leo yako kwenye mpaka wa Italia, baada ya siku tano yako karibu na Hispania. Na bado yeye yupo. Jibu lake halina uchawi ila linahitaji moyo wa chuma. Njia ya Tour hutangazwa Oktoba ya mwaka unaotangulia, na kila hatua ina ratiba inayoonyesha msafara unatarajiwa kupita wapi saa ngapi. Waendeshaji hupelekwa makusudi kwenye barabara ndefu zenye kupindapinda. Mwenye gari huchukua barabara kuu akakata njia. Hivyo ndivyo wanavyofanya waandishi wa habari na wapishi wa timu. Ugumu ni kwamba barabara za milimani hufungwa saa nyingi kabla, wakati mwingine siku nzima, na asiyewahi hapandi. Kwa hiyo mzuka huyu alilazimika kuamka kabla ya wote, akaegesha, akachora alama yake, akasubiri kutwa kwenye jua kwa ajili ya dakika chache za kupita watu, akafungasha, akaendesha usiku. Kesho yake hivyohivyo.

Dalili ya nne ndiyo ilimtoa mtu mwenyewe. Tangu mwaka 1906 Tour huning'iniza bendera nyekundu mahali inapobaki kilomita moja kumaliza. Wajerumani wanaiita kitambaa cha shetani. Katika mbio zao ndogo za mitaani, zile za kuzunguka mji mara nyingi, watangazaji walizoea kumtaja shetani mwekundu mzunguko wa mwisho unapoingia. Shetani akawa anatajwa miaka na miaka, haonekani. Mjerumani mmoja akaamua aonekane.

Mwenye pembe

Jina lake Dieter Senft, wengi humwita Didi. Alizaliwa mwaka 1952 katika jimbo la Brandenburg, kusini-mashariki ya Berlin, upande ule uliokuwa Ujerumani Mashariki. Kazi aliyojulikana nayo kwao kabla dunia haijamjua ni kuunda baiskeli za ajabu, za kila umbo, kiasi cha kufungua jumba la kuzionyesha katika mji wa Storkow. Moja ya baiskeli zake ilitambuliwa kuwa kubwa kuliko zote zinazoweza kuendeshwa: urefu wake mita 7.8, kimo chake mita 3.7. Mtu wa kawaida akisimama kando yake anafika karibu nusu tu ya kimo hicho.

Nawaomba wasomaji wakae kidogo na ule mwaka wa kuzaliwa. Ukuta wa Berlin ulipofunguliwa Novemba 1989, Senft alikuwa na miaka 37. Mpaka hapo raia wa kawaida wa nchi yake hakuwa na ruhusa ya kujiendea Ufaransa kutazama baiskeli. Mbio kubwa za upande wao zilikuwa Mbio za Amani, zilizoanza mwaka 1948 na baadaye zikaunganisha Warsaw, Berlin na Prague. Watu walizipenda kwa dhati na kujaa barabarani kuzishangilia. Tour de France ilikuwa ng'ambo ya waya. Miaka minne tu baada ya Ukuta kuanguka, mtu huyu yuko kando ya barabara ya Ufaransa na pembe kichwani. Kila ninapowasikia watu wakimwita kichaa nakumbuka jambo hilo. Mtu aliyefungiwa mpaka makamo ya umri wake, akifunguliwa mlango, ana haki ya kukimbia akipiga mayowe.

Kulikuwa na shetani mwingine pia ndani ya mbio zenyewe. Muitalia Claudio Chiappucci alipewa jina la El Diablo kwa ajili ya namna alivyoshambulia: hakungoja mtu, hakupiga hesabu, aliondoka mapema na kuwaacha wenzake wakibishana nani amfuate. Mwaka 1990 alipata zaidi ya dakika kumi siku za mwanzo tu akakaribia kuiba Tour nzima, akamaliza wa pili. Mwaka 1992, hatua ya Sestriere, alikimbia mbele kwa zaidi ya kilomita 200 za milima na kushinda nyumbani kwao Italia, mashabiki wamefunga barabara mpaka pikipiki hazipiti. Mwaka uliofuata Senft akaja na vazi lake. Shetani wa kwenye baiskeli alistaafu mwishoni mwa miaka ya 1990. Yule wa kwa miguu akabaki.

Mizuka ya kweli ya mwaka 1904

Hapa uchambuzi unahitaji kurudi nyuma, maana Tour ilishawahi kuandamwa na watu wa kutisha kweli, na hao hawakuwa na pembe.

Ilikuwa Tour ya pili. Hatua zilikuwa sita tu lakini ndefu mno. Ya kwanza, kutoka Paris hadi Lyon, ilikuwa kilomita 467. Umbali huo haumalizwi mchana. Waendeshaji walikimbia usiku, barabara za vumbi, hakuna taa, mtu haoni hata mkono wake mwenyewe. Maurice Garin, bingwa wa mwaka 1903, alikuwa njiani na Lucien Pothier motokaa ilipowajia ikiwa na watu wanne waliofunika nyuso, wakawashambulia. Nani aliwatuma, hakuna aliyewahi kuthibitisha. Hatua ya pili, kwenye mlima ulio karibu na Saint-Étienne, kundi la watu waliokuwa wakimshabikia kijana wa kwao, Faure, walimwachia apite kisha wakawaangukia waliomfuata kwa fimbo na mawe. Mwitaliano Gerbi alipigwa mpaka akazimia. Garin aliumia mkono. Watu walitawanyika tu maofisa walipofyatua bastola hewani. Kule Nîmes fujo zikarudi kwa sababu ya mtu mwingine wa nyumbani. Misumari ilimwagwa barabarani. Na katikati ya hayo yote zikavuma tuhuma kwamba baadhi ya waendeshaji wenyewe walikuwa wanavutwa na magari au kupanda treni gizani, halafu asubuhi wanatokea mbele wakiwa na nguvu mpya.

Mwisho wa mwaka chama cha baiskeli cha Ufaransa kilitoa hukumu ambayo hadi leo haina mfano: wanne wa kwanza wote walifutwa. Garin, Pothier, César Garin ndugu yake Maurice, na Hippolyte Aucouturier. Ushindi ukampata aliyekuwa wa tano, Henri Cornet, kijana wa miaka 19, na hajatokea mshindi mdogo kuliko yeye tangu siku hiyo. Henri Desgrange, mwasisi wa mashindano, aliandika kwa uchungu kwamba Tour imekufa, imeuliwa na mafanikio yake yenyewe.

Haikufa, kwa sababu mwaka 1905 waandaaji walifanya jambo la akili. Hatua zikafupishwa, zikawa 11, ili mbio ziishe mchana. Dawa yao kwa mizuka ilikuwa ni kuwanyima giza.

Weka visa hivyo viwili pamoja. Wale wa 1904 walificha sura, wakaja usiku, wakavamia bila dalili, na walitaka mtu fulani ashinde. Huyu wa 1993 sura yake iko wazi, ndevu zake dunia nzima inazijua, anakuja mchana, anaweka alama kilomita kadhaa mbele, na hana mtu wake. Anamkimbilia wa kwanza, na wa mwisho aliyeachwa na wote anapata mayowe yaleyale. Mwendeshaji wa mwisho ndiye anayeyahitaji zaidi. Nyuma yake lipo gari la fagio, lililoanza kufuata mbio mwaka 1910, linalowabeba walioshindwa. Kama kuna kitu cha kutisha mlimani basi ni mngurumo wa gari lile. Shetani ni faraja ukimlinganisha nalo.

Waendeshaji nao si watu wasio na hofu za namna hii. Anayepewa namba 13 huibandika moja ya namba zake mgongoni kichwa chini, ili nuksi imwagike. Utawaona mabingwa wa dunia, watu wanaopimwa na vipimo vya maabara kuanzia mapigo ya moyo hadi gramu za wali, wanageuza kikaratasi cha namba. Watu wa aina hiyo, tangu 1993, wamekubali kupitishwa karibu kila mwaka mbele ya shetani bila malalamiko. Maelezo yangu ni kwamba walishamfahamu: anayekutangazia kuwa yuko mbele hawezi kukushtua.

Uovu ulikuwa wapi

Sasa linakuja jambo linalofanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa. Chukua miaka ya kwanza ya shetani barabarani, uangalie nani walikuwa wakipita mbele yake.

Bjarne Riis alishinda mwaka 1996. Mwaka 2007 alikiri kwamba alitumia EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu. Jan Ullrich alishinda mwaka 1997, Mjerumani wa kwanza kufanya hivyo, na nchi nzima ya Senft ikapata wazimu wa baiskeli. Naye baadaye alikiri. Julai 1998, siku chache kabla ya Tour kuanza Dublin, gari la timu ya Festina lilisimamishwa kwenye mpaka wa Ufaransa na Ubelgiji likakutwa limesheheni dawa. Polisi wakaingia hotelini, waendeshaji wakagoma, timu zikaondoka, na kundi dogo lililochoka likafika Paris. Kisha Lance Armstrong, ushindi saba mfululizo kuanzia 1999 hadi 2005, vyote vikafutwa mwaka 2012, na mwezi wa kwanza wa 2013 akakiri mbele ya televisheni.

Katika miaka hiyo yote kulikuwa na mtu mmoja aliyevaa kishetani pale, na vazi lake ndilo pekee lililosema ukweli kuhusu aliyelivaa. Jezi ya njano, ile ya anayeongoza mashindano, ilikuwa safi, ina nembo, inapewa maua na busu jukwaani, na ndani yake mna siri. Joho jekundu lilikuwa la mzaha, linachekwa na watoto, na ndani yake mna shabiki tu. Mpelelezi yeyote aliyekuwa akitafuta kitu kinachoyaandama mashindano angekosea kwa kumfuata mwenye pembe. Alitakiwa afuate mabegi yanayoingia hotelini.

Sisemi Senft aliyajua hayo au alikuwa akiyapinga. Alikuwa anashangilia kama mamilioni wengine. Nasema kwamba ukumbi uleule uliobeba udanganyifu mkubwa namna hiyo ulibeba pia furaha ambayo haikuhitaji udanganyifu, na hiyo ndiyo iliyowafanya watu wasiikimbie barabara. Waliokasirika walikuwa na haki. Lakini mlima ulibaki umejaa kila Julai, bure, bila tiketi, na aliyeujaza si mshindi peke yake.

Gharama ya kuwa shetani

Kuwa mzuka kuna gharama. Mafuta ya gari, chakula, rangi, wiki tatu za Ufaransa, na kabla yake wiki nyingine za Italia au Uswisi, kwa kuwa Senft hakuishia kwenye Tour peke yake. Alitegemea wadhamini wadogo walioweka majina yao kwenye gari lake na kwenye baiskeli zake kubwa alizozisimamisha kando ya barabara ili kamera izione. Biashara hiyo ilikuwa nzuri Wajerumani walipokuwa wanaitazama Tour. Baada ya kashfa kufuatana, televisheni za umma za Ujerumani zilikata matangazo katikati ya mashindano ya 2007, na baada ya 2011 zikaacha kabisa kuyaonyesha moja kwa moja hadi moja yao, ARD, iliporudi mwaka 2015. Dawa walizomeza au kudungwa wengine zikafika mpaka mfukoni mwa mtu wa mkuki. Hakuna aliyemwomba radhi, na sijui kama kuna aliyefikiria.

Mwaka 2012 mlima ulikaa bila shetani. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kichwa, kuondoa damu iliyoganda kwenye ubongo. Ni mwaka uleule Armstrong alipovuliwa mataji yake. Imetokea tu hivyo, lakini mimi nauona kama mwaka ambao Tour ilipungukiwa pande zote. Mwaka 2014, wadhamini wakiwa wamepungua, alitangaza kwamba anaacha. Haikumkalia vizuri. Miaka iliyofuata ameonekana tena, ndevu nyeupe zaidi, miruko mifupi zaidi, mkuki uleule.

Kuhusu usalama

Kuna hoja moja dhidi ya Senft ambayo naiheshimu: kwamba aliwafundisha wengine kukimbia kando ya waendeshaji, na wengine hao hawajui kupima. Kweli, leo kila kona ya mlima ina mtu aliyevaa kuku, mtu aliyevaa nguo ya kuogea peke yake, mtu mwenye bendera inayoweza kunasa kwenye usukani. Mwaka 1999 kwenye Alpe d'Huez, Giuseppe Guerini alikuwa anaelekea kushinda, imebaki chini ya kilomita moja, shabiki akasimama katikati ya barabara kumpiga picha. Wakagongana, Guerini akaanguka, akainuka, akashinda bado. Mwaka 2016 kwenye Mont Ventoux watu walijazana mpaka pikipiki ya kamera ikasimama ghafla. Chris Froome akaanguka, baiskeli ikavunjika, na dunia ikamwona mwenye jezi ya njano akipanda mlima kwa miguu, viatu vya baiskeli vinateleza. Mwaka 2021, siku ya kwanza ya Tour, mwanamke alitokeza bango barabarani akiitazama kamera, mgongo ameupa msafara. Tony Martin akaligonga na nusu ya kundi likalala chini. Mahakama ikamtoza faini ya euro 1,200.

Nimezitazama picha za ajali ya 2021 mara nyingi, na jambo linaloniumiza ni ule mgongo. Senft, katika picha zake zote ninazozijua, anawatazama wanaokuja. Anakimbia pembeni, uso kwa wao, na mkuki ameuinua juu, ncha zikielekea mawinguni. Anajua wanakuja kwa kasi gani kwa sababu ni mtu wa baiskeli. Anataka kamera, hilo halikatai mtu, lakini kamera anaipata kwa sababu ipo mbele ya mwendeshaji, na yeye anamwangalia mwendeshaji. Aliyeshika bango alikuwa anaiangalia televisheni. Tofauti ya watu hao wawili ni sentimita chache za lami, na ndizo zinazoamua mtu avunjike mfupa au la.

Froome mwenyewe alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akajifunza mbio za baiskeli za mlimani katika mji wa Kikuyu chini ya David Kinjah na vijana wake wa Safari Simbaz, na aliingia Tour yake ya kwanza mwaka 2008, shetani akiwa mwenyeji wa miaka kumi na mitano. Ameshinda mara nne, akamwagiwa mkojo na shabiki mwaka 2015, akazomewa, akatuhumiwa usoni kwa dhambi za waliomtangulia. Ukijua hilo utaelewa kwa nini mtu mwenye pembe anayekukimbilia bila chuki anaweza kuwa ndiye mwenye heri kuliko wote pale mlimani.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabara yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuja Afrika. Waliowahi kufuatilia Tour du Rwanda walikwisha kukijua kile kipande cha mawe cha Kwa Mutwe, watu wamejaa ukingoni tangu chini mpaka juu, watoto juu ya kuta, vuvuzela, ngoma, na waendeshaji wanapita katikati kwa nafasi ya mkono tu. Hakuna aliyewafundisha watu wa Kigali kushangilia. Wamekaa vizuri, wamewapisha, wamepiga kelele zote walizonazo.

Tadej Pogačar, aliyeshinda mbio za wanaume huko Kigali, alizaliwa mwaka 1998. Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua tatu na jezi ya kijani, ya mwenye pointi nyingi, katika Tour ya 2024, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya mashindano hayo, alizaliwa mwaka 2000. Wote wawili wamemkuta shetani yuko barabarani tayari. Kwao si fumbo tena. Wakiuona mkuki kwenye lami wanajua mlima umeanza kuwa mgumu, na kwamba kona moja au mbili mbele kuna mzee wa Kijerumani anawasubiri na mayowe yake.